Biskuti za ufuta za Palermo: namna ya kuzioka nyumbani kwa chai ya asubuhi

Mtu wa Italia hali mihogo wala chapati asubuhi. Chai yake ni kitu kitamu na chepesi: bakuli au kikombe kipana cha maziwa moto yaliyotiwa kahawa, na pembeni biskuti za kuchovya. Akimaliza, huyoo kazini. Madukani biskuti hizo zimejaa rafu kwa rafu, na tangu kampuni ya Barilla ilipoleta biskuti zake za Mulino Bianco sokoni mwaka 1975, nyumba nyingi ziliona hakuna haja tena ya kuwasha oveni. Hapa Palermo ninapoishi, kisiwani Sisilia, hawajaachia mkono. Waoka mikate wa mitaani bado hutengeneza biskuti zao na kuziuza kwa kilo, na kina mama watu wazima bado wana bati lao la biskuti juu ya kabati.

Biskuti ninayotaka kukuelekeza inaitwa regina, wengine husema reginella. Ni kipande kifupi cha unga, urefu wa nusu kidole, kimevikwa ufuta pande zote na kuokwa mpaka kikawa cha kahawia. Haina krimu, haina chokoleti, haina mapambo. Mimi ni mtu wa Lindi, nimekulia kwenye ufuta. Nimeuona ukikatwa, ukafungwa matita na kusimamishwa juani mpaka vitumba vifunguke, kisha ukakung'utwa juu ya turubai. Kwa hiyo nilipoingia duka la mikate la hapa mara ya kwanza, hizi ndizo nilizonyoosha kidole.

Kabla ya vipimo kuna jambo moja la kulielewa, maana kila hatua inatoka hapo. Biskuti hii huokwa kwa ajili ya kikombe. Ukiitafuna kavu utasema ni ngumu, na kweli ni ngumu. Ikiingia kwenye maziwa moto inanyonya, inalainika mpaka kiini, na bado inashikamana mpaka ifike mdomoni. Biskuti laini yenye siagi nyingi haiwezi kazi hiyo. Itakatikia ndani ya maziwa, na chini ya kikombe utabaki na uji. Sisi wapishi wa kwetu tuna mkono wa ukarimu: tunaongeza yai, tunaongeza siagi, tunaongeza sukari, tukidhani chakula kinazidi kuwa kizuri. Hapa nakusihi, usiongeze.

Vipimo vya biskuti kama tisini

Unga wa ngano mweupe, gramu 500
Sukari, gramu 150
Samli, gramu 130 (au siagi gramu 160)
Mayai makubwa 2
Maziwa, mililita 50, na kidogo pembeni ya akiba
Asali, kijiko kimoja cha chakula
Amonia ya kuokea, gramu 5 (au baking poda gramu 10)
Ganda la limau moja, lililoparuzwa
Vanila kidogo
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili
Ufuta mbichi usiokaangwa, gramu 200

Kama huna mizani, unga huo ni vikombe vinne vya robo lita, sukari ni robo tatu ya kikombe, na samli ni vijiko vya chakula kama kumi. Lakini ukiweza kununua mizani ndogo ya jikoni, nunua. Mapishi ya kuoka yanapenda uzito, na kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliomwagwa tu havilingani hata kidogo.

Sasa niseme kidogo juu ya mafuta, kwa sababu hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. Kwa asili yake regina hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, ambayo Wataliano huyaita strutto. Kwa hiyo sisi Waislamu tunaoishi huku hatununui dukani bila kuuliza. Swali ni fupi, "c'è lo strutto?", yaani kuna mafuta ya nguruwe?, na mwuzaji mwaminifu atakujibu bila kununa. Maduka mengine hutumia siagi au mafuta ya mimea. Nyumbani huna wasiwasi huo. Watu wengi wakiyakwepa mafuta ya nguruwe hukimbilia siagi, na siagi si mbaya, ila ina maji ndani yake. Kwenye siagi ya kawaida mafuta ni kama asilimia 82, na kinachobaki kingi ni maji. Maji hayo yanaamsha ule unato wa unga na kuifanya biskuti iwe ngumu kwa namna isiyotakiwa. Samli ni mafuta matupu, sawa na strutto yenyewe, na ndiyo inayotoa ule mvunjiko wa kukatika kwa mlio halafu ukafumuka. Kwa maoni yangu, mtu wa pwani mwenye kopo la samli jikoni ana kitu bora kwa biskuti hii kuliko mama wa Milano mwenye siagi yake. Isipokuwa samli ya kwetu kwenye joto huyeyuka ikawa mafuta ya maji. Itie kwenye friji nusu saa mpaka igande kama ilivyo blubendi, usiimimine ikiwa imeyeyuka.

Unga uwe mweupe, dhaifu, ule wa keki na biskuti. Italia wanaupanga unga wa ngano laini kwa namba, na kwa kazi hii huchukua ule wa 00, uliosagwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini kabisa. Unga wenye nguvu unaotengenezewa mkate wa kuvutika uuache. Usitumie pia unga uliokwisha kutiwa baking poda kiwandani, maana utakuwa unaongeza juu ya nyongeza. Ukitaka ladha ya shamba zaidi, toa gramu 100 za unga mweupe uweke unga wa ngano usiokobolewa. Usizidishe hapo, kwa sababu pumba inanyonya maji na donge litakuwa linakatikakatika.

Amonia. Najua neno hili linatisha, kwa sababu wengi tunalifahamu kwenye dawa za kusafishia. Hii ni nyingine, ni chumvi nyeupe ya unga iitwayo amonia ya kuokea, ambayo Italia inauzwa kwenye vipakiti pale pale penye vanila na baking poda. Ikipata joto la oveni inageuka yote kuwa hewa: amonia, kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Zinapotoka zinainua unga na kuacha vitundu vingi vidogo, na hakuna chumvi inayobaki nyuma kwenye biskuti. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokuja kunywa maziwa. Baking poda nayo inafanya kazi, na nikiwa sina amonia natumia hiyo bila shida, ila mvunjiko wake ni mzito kidogo.

Masharti ya amonia ni machache lakini yashike. Harufu yake ni kali, inapanda puani na kutoa machozi, hivyo fungua dirisha kabla ya kuwasha oveni, na ukifungua mlango wa oveni simama pembeni, usiinamishe uso. Mwenye pumu ndani ya nyumba, tumia baking poda tu. Usionje donge bichi. Na usiitumie kwenye keki au mkate mnene, kwa sababu hewa ile haipati njia ya kutoka na harufu itabaki ndani. Biskuti nyembamba iliyokaushwa vizuri haina tatizo hilo. Ikipoa, harufu imekwisha kwenda zake. Kilichobaki kwenye pakiti kikunje vizuri na ukitie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, la sivyo kitayeyukia hewani na siku utakapokihitaji hakitakuwa na nguvu.

Kuchanganya

Chekecha unga kwenye bakuli pana. Tia sukari, chumvi na ganda la limau. Liparuze ganda la njano tu, ukifika kwenye weupe acha, pale kuna uchungu. Kisha weka samli iliyoganda na uifikiche kwa ncha za vidole, ukiinyanyua na kuiachia, mpaka unga wote uwe chengachenga na usione bonge la samli popote. Fanya kwa vidole, siyo kwa viganja, maana viganja vina joto na samli itayeyuka.

Pasha maziwa yawe vuguvugu tu, yale ambayo ukichovya kidole husikii moto wala baridi. Mimina amonia humo na ukoroge. Itatoa povu, kwa hiyo tumia kikombe kirefu. Maziwa yakiwa ya moto sana, nguvu ya amonia itaishia kwenye kikombe kabla haijafika kwenye unga. Kama unatumia baking poda, hiyo changanya na unga mkavu mwanzoni, usiitie kwenye maziwa.

Piga mayai kidogo kwa uma pamoja na asali na vanila. Fanya shimo katikati ya unga, mimina mayai, halafu maziwa. Kusanya kwa mkono mmoja kutoka pembeni kuja kati. Likishakuwa donge moja, acha. Hapa hatukandi kama tunavyokanda unga wa chapati. Chapati tunataka ivutike, biskuti tunataka ikatike. Ukiona unga mkavu umebaki chini ya bakuli, nyunyiza kijiko cha maziwa cha akiba. Ukiona linanata mikononi, ongeza unga kiganja kimoja. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mzaliwa wa Palermo ambaye kwake nimejifunza mengi, hulibonyeza donge kwa kidole, kisha hujishika ndewe ya sikio lake. Vikilingana ulaini, basi.

Funika donge kwa sahani au mfuko safi, liweke kwenye friji nusu saa. Unga utakunywa maji vizuri na samli itaganda tena, na utakuja kuona tofauti wakati wa kukata.

Ufuta

Wakati donge linapumzika, shughulikia ufuta. Hapa kisiwani upo kwenye kila kitu. Mkate wa kila siku hupakwa ufuta juu, na kwenye maonyesho ya mitaa kuna wanaopika ufuta kwa asali na sukari na kuukata vipande, kashata za ufuta tupu, utazitambua hata ukifumba macho. Waarabu walitua Mazara mwaka 827, wakaichukua Palermo mwaka 831, na wenyeji wakikuelezea habari ya ufuta, limau na miwa ya hapa huanzia kwao. Upande wa kusini mashariki, karibu na mji wa Ispica, wapo wakulima wanaoendelea kuupanda. Sokoni Ballarò, hapa Palermo, ufuta huuzwa kwa kupimwa kutoka kwenye magunia, na ukisikia mwuzaji anasema cimino, ni huo huo.

Chukua ufuta mbichi. Uliokwisha kukaangwa utaungua kabla biskuti haijaiva, na ufuta ulioungua ni mchungu. Kama umenunua wa sokoni, kule kwetu au huku, upepete kwanza kwenye ungo au sinia, kisha uoshe kwenye maji mengi ukiukoroga na kuunyanyua kwa mkono, ili mchanga ubaki chini. Punje moja ya mchanga kwenye jino asubuhi inaharibu kikombe kizima. Umwage kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, uache uchuruzike maji dakika kumi. Usiukaushe. Ufuta wenye unyevu unashika kwenye unga kwa nguvu zaidi kuliko ufuta mkavu, na hili ndilo linalookoa ufuta wako usibaki wote chini ya trei.

Kukata na kuvika

Washa oveni nyuzi 200 (kama ina feni, 180). Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei. Huna karatasi, paka samli kidogo na unyunyize unga.

Toa donge, likate sehemu sita. Kila sehemu isukume kwa viganja juu ya meza isiyo na unga mpaka iwe kijiti kirefu, unene wa kidole gumba chembamba, yaani sentimita moja na nusu. Usitie unga mezani, maana kijiti kitateleza badala ya kuviringika. Kata kwa kisu vipande vya sentimita tano. Jitahidi vilingane. Si kwa ajili ya uzuri. Vikitofautiana unene, vyembamba vitaungua na vinene vitabaki vibichi katikati, na kibichi kimoja kwenye bati kinalainisha vyote.

Sasa panga vitu vitatu kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia: bakuli la maji lenye kina cha vidole viwili, sinia la ufuta, na trei. Jirani yangu ana mgawanyo wa mikono ambao nimeufuata mpaka leo. Mkono wa kushoto ni wa maji, wa kulia ni wa ufuta, wala haiingiliani. Wa kushoto unachukua kipande, unakizamisha majini na kukitoa papo hapo, unakikung'uta mara moja, unakiangusha kwenye ufuta. Wa kulia unachota ufuta kutoka pembeni na kukifunika, unakiviringisha nusu duara kwenda na nusu kurudi, unakibonya kidogo kwa vidole vitatu, halafu unakinyanyua na kukilaza kwenye trei. Wakati wa kulia unalaza, wa kushoto umekwisha kuchukua kingine. Ukichanganya mikono, dakika chache tu vidole vyako vyote vitakuwa vimevaa ufuta na maji yatakuwa yamejaa unga. Bibi huyu anaifanya kazi hii huku anaongea na mtu aliye chini barabarani kupitia dirishani, haangalii hata mikono yake.

Vipange ukiacha nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine. Vitavimba kidogo, havitatandaa sana.

Kuoka, kisha kukausha

Ingiza trei katikati ya oveni. Dakika kumi za mwanzo usifungue. Harufu ya amonia itakuja, itakaa, kisha itaondoka na kuacha harufu ya ufuta unaokaangika. Hapo shusha moto mpaka nyuzi 170 na uache dakika kumi na tano nyingine. Kama oveni yako inachoma upande mmoja, geuza trei katikati ya muda huo.

Rangi ndiyo hakimu. Ukiona dhahabu hafifu utatamani kutoa, usitoe. Watu wa Palermo wanazitaka za kahawia iliyokolea, rangi ya kashata iliyopikwa sawasawa, ufuta wote umebadilika na chini ya biskuti pameiva vile vile. Mimi nikiona zimekwisha, jirani yangu hutoa moja, huivunja katikati na kunionyesha kile kistari chenye unyevu cha katikati. "Bado, mwanangu," husema, na hurudisha trei. Wewe nawe fanya hivyo hivyo, vunja moja. Ndani pawe pakavu na rangi moja kutoka ganda mpaka kiini.

Zikishapata rangi, zima oveni. Lakini usizitoe. Weka mwiko wa mbao mlangoni ili mlango ubaki wazi kidogo, uziache humo mpaka oveni ipoe yenyewe, kama saa moja. Moto huo mdogo unaoisha polepole ndio unaomaliza maji yaliyobaki bila kuongeza rangi. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba biskuti zao zilikuwa nzuri jana na leo zimelegea. Kukausha ni nusu ya kazi yenyewe. Kama huwezi kuiacha oveni wazi kwa sababu ya watoto, zitoe, zipoe, kisha uzirudishe dakika ishirini kwenye nyuzi 120.

Kwa asiye na oveni

Moto juu na chini unatosha, ule ule tunaookea mkate wa kumimina. Chukua sufuria nzito pana yenye mfuniko bapa, weka ndani sahani ya bati iliyopakwa samli. Makaa chini yawe machache sana, ya kuhesabika, na juu ya mfuniko ndiyo yawe mengi. Ipashe sufuria kwanza, kisha panga biskuti chache kwa kila mkupuo. Chungulia baada ya dakika kumi na mbili. Kwa njia hii tumia baking poda, usitumie amonia, kwa sababu hewa yake inahitaji kutoka na mfuniko umeifungia. Ukimaliza kuoka zote, ondoa makaa mengi, rudisha biskuti zote kwenye sufuria mfuniko ukiwa umeegeshwa pembeni, zikauke juu ya majivu ya moto. Zitatoka na moshi kwa mbali, na mimi naipenda zaidi ladha hiyo.

Kwenye kikombe

Wataliano wengi hupika kahawa yao kwenye moka, kile kibirika cha alumini cha pembe nane alichokitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933. Kahawa kidogo, nzito, inamiminwa kwenye maziwa moto mengi. Watoto na wazee wasiotaka kahawa hutiliwa kinywaji cha shayiri iliyokaangwa. Kwa mtu wa kwetu, chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi inafaa kabisa, na ufuta na tangawizi vinapatana vizuri mno. Kinywaji kiwe cha moto. Chovya nusu ya biskuti, hesabu mpaka nne au tano bila haraka, toa, kula. Kwenye maziwa baridi inachukua muda mrefu na ladha ya ufuta haifunguki.

Ukitaka bila ufuta

Kuna ndugu yake rahisi zaidi, biskuti ya maziwa ya kusini mwa Italia, ya mafuta ya kupikia. Unga gramu 500, sukari 180, mayai 2, mafuta mililita 100, maziwa mililita 100, amonia gramu 8, ganda la limau. Donge lake linanata zaidi, fanya kazi kwa mikono yenye unga. Tengeneza vijiti vinene vya urefu wa kidole, chovya upande wa juu kwenye sukari, oka nyuzi 180 kwa dakika ishirini na tano, kisha kausha vile vile. Ni nzuri kwa watoto. Kule kaskazini, Piemonte na Veneto, wana biskuti za unga wa mahindi ya njano. Tamu sana, lakini zina siagi nyingi na hazivumilii kikombe, kwa hiyo siziingizi hapa.

Kuhifadhi

Subiri zipoe kabisa, hata joto la mbali lisisikike ukizishika kwa mdomo wa juu. Ukifunika zikiwa na joto, mvuke wake wenyewe utazilainisha. Tumia bati au mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana. Mfuko wa plastiki hautoshi, hasa kwa hewa ya pwani yenye unyevunyevu. Hukaa wiki tatu, hata nne, bila kubadilika. Zikianza kulegea, dakika kumi kwenye nyuzi 150 zitazirudisha.

Ufuta uliobaki kwenye sinia umeshika maji na punje za unga, usiurudishe kwenye kopo la ufuta mkavu, utaota ukungu na kuharibu wote. Utandaze kwenye trei ile ile wakati oveni inapoa, ukauke na kukaangika taratibu, kisha uutwange na chumvi kidogo kwa ajili ya wali au mchicha wa jioni.